Abiria wa Daraja la Pili

Uvira, Kimanga, tarehe 8 Septemba 1996

KOMUNIKE RASMI

Kurugenzi Kuu ya Treni ya Mezani, ikiwa imeketi leo chini ya Mkurugenzi wake wa maisha, ambaye pia ni shefu wa stesheni, dereva na mfagiaji, ina heshima ya kuutangazia umma wa Uvira, wa Luvungi na wa ulimwengu kwa jumla yafuatayo. Kwanza, kichwa cha treni kimepona. Pili, safari ya mwaka itafanyika kama kawaida tarehe 2 Novemba, baada ya misa ya marehemu. Tatu, Idara ya Reli, yenye makao yake Luvungi chini ya kitanda cha Mama Agathe, inaamriwa kufikisha reli zote Uvira mbele ya tarehe hiyo. Abiria atakayefika bila reli hatapokelewa stesheni, awe ndugu au asiwe.

Imesainiwa na kupigwa muhuri wa kiazi.

Mdogo wangu Agathe,

Sasa tusalimiane kama watu. Hamjambo huko? Mgongo wa shemeji Havyarimana umepoa? Espoir alifika salama na baiskeli yake, na Itangishaka amerudi shuleni? Huku tuko wazima. Pudentienne anakusalimia, ingawa amenikasirikia kwa ajili ya meza, maana amekuwa akitandika chakula sakafuni tangu juzi.

Unakumbuka mwaka jana treni ilivyosimama katikati ya safari, watoto wakalia kama wako msibani. Nililaumu Wajerumani walioitengeneza mbele hatujazaliwa. Kumbe kosa lilikuwa la humu nyumbani. Espoir alipopita hapa Agosti, alikifungua kichwa kwa bisibisi ya baiskeli, akachungulia tumboni, akaniuliza kwa heshima sana: "Mjomba, nani alitia mawese?" Nilitia minye. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha, nikaona mafuta ni mafuta. Yakaganda, yakaita sisimizi, na sisimizi wakajenga kijiji kwenye resori, ule mkanda wa chuma unaojikunja mtu anapozungusha ufunguo. Espoir aliwatoa kwa unyoya wa kuku. Hakucheka mpaka alipofika nje.

Akiwa anasafisha nikamsimulia tena ya babu yake: jinsi alivyotilia kuni gari la moshi la hapa mpaka Kamanyola, jinsi Wabelgiji walivyong'oa reli yote siku moja waliyoona haina faida, na jinsi bosi wake alivyompa, kama pole, treni ya bati ya mtoto wake. Walichukua reli za bonde zima, wakamrudishia za kuzunguka meza. Espoir amesikia hadithi hii tangu ananyonya, lakini aliisikiliza kama mpya. Kisha akauliza kwa nini babu alikupa weye reli, na minye kichwa na mabehewa. Nikamjibu kwamba babu alitujua. Angempa mmoja wetu vyote, tusingetembeleana.

Abiria wote wazima, kila aliye hai katika ukoo na haragwe lake behewani. Haragwe la marehemu shangazi Kankindi nimelishusha na kulipanda mbele ya mlango, kama baba alivyotuzoeza, na limeota. Mjukuu wangu Iradukunda, mtoto wa Capitoline, amepewa lake, dogo la njano, na anasafiri daraja la tatu kwa kuwa bado analowanisha viti. Espoir alilikagua la kwake, lile kubwa lenye madoa mekundu. Bado liko daraja la pili, dirishani. Ameomba lisiwekwe karibu na la baba yake, ati linakoroma.

Nimenunua pia behewa jipya, yaani la zamani, kwa Mgiriki anayefunga duka. Ni la mizigo, bati jekundu, gurudumu moja halina. Nimetia kifungo cha koti. Linachechemea, lakini linafika.

Mambo ya mji usiniulize. Wanajeshi wameongezeka, na kila mmoja anakuuliza weye ni nani, kama kwamba yeye anajijua.

Yaya wako,
Modeste

*

Luvungi, tarehe 22 Septemba 1996

Yaya Modeste,

Kaka yangu, salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mgongo wa Havyarimana haujapoa, lakini ulimi wake mzima. Anasema shefu wa stesheni anayetia mawese kwenye mashine angefungwa zamani za Wabelgiji. Itangishaka hajambo. Minye niko na homa ndogo ya mashamba, itapita.

Komunike yako tuliisoma kwa sauti hapa uani. Jirani zangu walifikiri ni kazi ya gavana, mmoja akauliza kama treni inarudi kweli na kama itachukua mchele. Nikamwambia itachukua punje tatu kwa safari.

Reli zako, yaani zangu, ziko chini ya kitanda ndani ya gunia la mchele, kila kipande kimefungwa kitambaa. Nazipangusa kila mwezi. Usije ukaniambia tena zina kutu. Kutu iko kwenye macho yako. Espoir anasema atazileta mwenyewe kwa baiskeli, sisi tufuate kwa gari tukipata. Ameniuliza mara mbili kama utatufungia mlango kweli tukija mikono mitupu. Nimemwambia Mjomba wako anacheza. Akasema: "Mama, Mjomba hachezagi na treni." Ni weye uliyemlea hivyo na matangazo yako, tangu akiwa mdogo, siku ulipomnyima kiti kwa sababu alikuja bila tiketi uliyomchorea. Ametimiza miaka ishirini na tatu, yuko na duka la kutengeneza baiskeli, na bado ile tiketi anayo.

Njiani bariyeri za wanajeshi ni nyingi. Huko kwenye kambi za wakimbizi watu wanasema hiki, wanasema kile. Sisi tunavuna.

Mdogo wako,
Agathe

*

Uvira, tarehe 15 Oktoba 1996

Agathe mdogo wangu,

Salamu kwa kifupi, mwenye kuchukua barua anasimama mlangoni. Hali imeharibika. Kusanyeni watoto, mje leo au kesho, au mwende mahali popote palipo mbali na barabara. Msibebe vitu. Reli ziacheni. Ile komunike nimeifuta. Treni inaweza kungoja, ni bati.

Mniambie tu mko wapi.

Yaya wako,
Modeste

*

Lubarika, tarehe 17 Desemba 1996

Yaya Modeste,

Kama uko hai, nakusalimia. Kama Pudentienne na watoto wako hai, uwasalimie. Sisi tuko hapa Lubarika kwa dada yake Havyarimana. Itangishaka alihara sana, sasa anasimama. Barua yako ya Oktoba nimeipokea juzi tu. Aliyeibeba alikimbilia milimani nayo, na ilipofika ilikuwa imelowa, lakini imesomeka.

Nakueleza ilivyokuwa. Asubuhi ile watu walianza kupita barabarani na magodoro kichwani, na nyuma yao tukasikia bunduki kubwa. Havyarimana alichukua mbuzi, minye sufuria na unga, Itangishaka akachukua madaftari, sijui kwa nini. Espoir alipakia mahindi kwenye baiskeli. Hakuna aliyefikiria reli. Tulifika hapa, tukawasha moto, na nilikuwa nasonga ugali Espoir aliposimama.

"Mama, reli."

Nikamwambia: "Achana nazo weye. Ni bati."

Akasema: "Mjomba ameandika. Bila reli hatupokelewi. Na tutakwenda wapi kama si kwa Mjomba?" Alikuwa anacheka, Yaya, si kwamba alikuwa mjinga. Alicheka lakini alimaanisha. Nilifikiri pia kwamba si mbali, ametoka huko sasa hivi, anajua vichochoro vyote. Akasema atarudi mbele ugali haujapoa. Akapanda baiskeli.

Sahani yake niliifunika.

Alifika kwako? Labda njia ya huku ilifungwa akaelekea Uvira moja kwa moja, ndivyo Havyarimana anavyosema. Ukiwa naye hapo uniandikie neno moja tu, hata kwenye karatasi ya sigara. Na kama bado hajafika, usiliguse haragwe lake. Likae mahali pake.

Mdogo wako,
Agathe

*

Uvira, tarehe 9 Januari 1997

Agathe mdogo wangu,

Tuko hai wote. Namshukuru Mungu kwamba ninyi pia mko, na Itangishaka amesimama. Mpe pole Havyarimana.

Espoir hakufika hapa.

Nimeuliza bandarini Kalundu, nimeuliza parokiani, nimeuliza wale wanaovuka kwenda Bujumbura. Nimeuliza na wapya waliokamata mji, mmoja akaniambia niandike jina, nikaandika, akakunja karatasi akaiweka mfukoni. Watu wengi wamevuka ziwa. Vijana wengi wamechukuliwa kubeba mizigo na wanarudi mmoja mmoja, wamekonda, lakini wanarudi. Mtu anayejua baiskeli hapotei ovyo.

Ile komunike. Niliiandika jioni nikicheka peke yangu, na Pudentienne akiniuliza nacheka nini.

Tarehe mbili Novemba hatukuzungusha treni. Hata misa haikuwepo. Tulikuwa ndani, mlango umefungwa kwa kabati, sote pamoja na majirani katika chumba kimoja, tukila tulichokipata, tukisikiliza wanaopita.

Haragwe la Espoir liko. Daraja la pili, dirishani. Hakuna aliyeshuka.

Yaya wako,
Modeste

*

Luvungi, tarehe 30 Juni 1997

Yaya Modeste,

Salamu kutoka nyumbani, tumerudi. Nasikia nchi imebadilishwa jina. Huku mbu hawajaambiwa.

Nyumba ina kuta. Mabati walichukua, mlango walichukua, kitanda walichukua, hata jiwe langu la kusagia, na lile lilihitaji wanaume wawili. Duka la Espoir halina kitu. Lakini sikiliza: gunia la reli halipo, na vitambaa nilivyofungia vile vipande nimevikuta chini, vimekunjwa vizuri, kimoja juu ya kingine. Mwizi hakunji vitambaa, Yaya. Mwizi anatupa. Espoir alifika hapa, akahakikisha vipande vyote vipo, akaweka ndani ya gunia, akaondoka. Kwa hiyo anazo, popote alipo, na mtu aliye na reli zako mgongoni lazima siku moja aje kwako.

Ndugu za Havyarimana wanataka tufanye matanga. Wanasema roho ya kijana inazunguka, wanasema mama anayengoja hivi anaharibu na watoto waliobaki. Havyarimana anachonga mpini wa jembe ambao hauishi. Nimewaambia wote: kaka yangu Uvira yuko na haragwe lake. Siku atakaponiambia amelishusha, nitanyoa nywele na nitakaa chini. Mbele ya hapo asinililie mtu mtoto wangu.

Jambo moja nakuomba. Usiniandikie komunike tena. Sikulaumu. Nisiione tu.

Haragwe liko?

Mdogo wako,
Agathe

*

Uvira, tarehe 3 Novemba 1997

Agathe mdogo wangu,

Salamu sana. Afya yangu nzuri, isipokuwa meno mawili yaliyoniaga mwezi uliopita bila kunipa sababu. Pudentienne hajambo. Iradukunda anatembea na anavunja.

Jana tumefanya safari. Misa ilikuwa ndefu, padri alisoma majina ya marehemu mpaka mishumaa ikaisha, akaendelea bila mishumaa. Nyumbani nikatandaza meza. Kwa kuwa reli hazipo, nilichora njia kwa chaki: Uvira hapa kwenye kisu, Luvungi pale kwenye kikombe, Kamanyola kwenye pembe ya meza iliyovunjika. Nikajaza resori, lakini treni bila reli haijui chaki, ikaelekea ukingoni moja kwa moja, ikadakwa na Capitoline. Ikabidi niisukume kwa mkono. Watoto walipiga miluzi. Pudentienne alisimama mlangoni na mwiko, akasema ameolewa na mtu mzima anayesukuma kopo mezani. Nikamwambia wapo waliofanya vibaya zaidi mwaka huu, na wamepewa vyeo.

Umeniuliza. Liko. Nilisoma majina ya abiria wote kama baba alivyokuwa akisoma, nikafika kwa Espoir, nikasema yupo. Limeanza kung'aa kwa kushikwashikwa na watoto. Dirishani kama siku zote, na la Havyarimana nimeliweka behewa la nyuma, likorome huko.

Huku wanasema vita imekwisha. Nimewasikia wakisema hivyo mara nyingi kiasi cha kuzoea sauti.

Yaya wako,
Modeste

*

Uvira, tarehe 12 Aprili 1998

Agathe mdogo wangu,

Salamu. Tuko wazima. Barua hii anakuletea Nyandwi, yule mfua bati wa sokoni Mulongwe anayetengeneza koroboi. Anapita huko kuuza.

Reli zimefika. Zote, kipande kimoja tu kimepinda. Nimezifunga tena ndani ya gunia lako.

Haragwe liko.

Yaya wako,
Modeste

*

Luvungi, tarehe 2 Mei 1998

Yaya wangu,

Nyandwi aliiacha barua kwa jirani, minye nilikuwa shambani. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa Itangishaka aisome kwa sauti kama redio. Nimechinja kuku. Havyarimana ameweka mpini chini, amekwenda kutafuta mbao za kitanda.

Lakini Yaya, unaandikaje hivyo? Reli zimefika, zimefika, kama kwamba zina miguu. Nani kazileta? Ni yeye mwenyewe, au ametuma mtu? Kama ametuma, alimtuma kutoka wapi? Kama ni yeye, kwa nini hukusema, au amekuomba usiseme ili aje kunishtua? Mwambie sina moyo wa kushtuliwa tena. Aje mchana, mlangoni, kama watu.

Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Agathe

*

Luvungi, tarehe 20 Julai 1998

Yaya Modeste,

Salamu. Uko mzima? Nimetuma barua mbili na ujumbe wa mdomo kwa dereva. Dereva anasema alikupa mkononi, ukasema asante.

Nani kazileta?

Agathe

*

Luvungi, tarehe 11 Machi 1999

Yaya Modeste,

Salamu. Najua tangu Agosti njia imefungwa, wengine wako mjini na wengine wako milimani, na barua inayosafiri inasomwa na watu wasiohusika. Hii wasome tu, haina siri ya mtu.

Wiki iliyopita Nyandwi amepita hapa na koroboi zake, kwa mara ya kwanza tangu vita hii ianze. Amekonda, anauza huku anatazama nyuma. Nikampa maji. Nilitaka kuuliza habari zako, lakini mdomo ukauliza kile kilichokuwa ndani.

"Nyandwi, weye njo ulileta barua ya Yaya mwaka jana. Ulimuona muntu aliyemuletea reli?"

Akasema: "Reli gani, mama? Ile ya bati ya watoto? Minye mwenyewe njo niliuzisha kwake."

Nilimkalisha. Alisimulia bila kunificha kitu, maana hakuna aliyemwambia kwamba kuna kitu cha kuficha. Mtu wa Luberizi alimletea gunia la vyuma vya kufulia koroboi. Yule mtu alilipata mwaka wa vita ya kwanza, karibu na kijana waliyemzika kando ya barabara, yeye na wenzake. Kijana alikuwa na baiskeli na gunia mgongoni, anashuka kwenda Uvira. Kwenye bariyeri wanajeshi waliwaambia vijana wafungue mizigo. Wengine walikuwa na nguo, na sufuria. Yeye alikuwa na vyuma vilivyokatwa kwa kipimo, vyenye meno ya kuunganisha. Wakamuuliza ni vya bunduki gani. Alisema ni reli ya treni. Wakamwambia hapa hakuna treni. Akaanza kuwaeleza.

Najua jinsi alivyowaeleza, Yaya. Alianza na babu yake.

Nilimuuliza Nyandwi kama na weye alikusimulia hivyo. "Yote, mama. Siku ileile. Alichukua gunia akaenda zake."

Basi ulijua tangu Aprili, na minye nilikuwa nachinja kuku. Nilikasirika siku kadhaa, sasa hasira imechoka yenyewe. Nadhani ulifikiri ukinyamaza nitaelewa, au ukinyamaza vya kutosha haitakuwa kweli. Kuhusu komunike, nikuambie mara moja, usinijibu: waliomsimamisha hawakuwa wameisoma.

Tumefanya matanga. Nimenyoa nywele, nimekaa chini, watu wamekuja wachache kwa sababu ya njia, lakini wamekuja. Havyarimana amelia kwa sauti, sikujua kama anayo. Kilichobaki ni kimoja. Luberizi siwezi kufika, na hata nikifika, kando ya barabara ni ndefu na walizika wengi. Sina nguo yake, sina kaburi, hata tiketi yake aliondoka nayo.

Kwa hiyo ushushe haragwe. Usingoje Novemba. Lishushe weye mwenyewe, usome jina lake kama baba alivyokuwa akifanya, ulifunge kwenye karatasi, umpe Nyandwi. Mvua bado iko. Nitalipanda hapa mbele ya mlango, na likizaa, mtoto wa kwanza wa Itangishaka atapewa punje yake.

Ni hilo tu ninalokudai.

Mdogo wako,
Agathe

*

Uvira, tarehe 6 Aprili 1999

Wifi yangu Agathe,

Nakusalimia wewe na Havyarimana na Itangishaka, na ninawapa pole ya Espoir, Mungu amlaze mahali pema. Ni minye Pudentienne ninayeandika.

Barua yako Nyandwi ameileta. Mwenyewe hakuisoma. Modeste alitutoka mwezi wa Februari, kipindupindu, siku mbili tu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, tulichota ziwani kama watu wote. Tulituma habari kwako na mtu wa baiskeli. Kama hakufika, na unaisoma hapa kwa mara ya kwanza, nisamehe wifi, njia unaijua.

Mambo ya Espoir hakuniambia. Niliona tu siku moja amerudi sokoni na gunia, akalisukuma chini ya kitanda upande wake. Watoto walipojua ni reli walimwomba aziweke mezani. Alikataa. Novemba iliyopita alichora tena kwa chaki, na reli ziko palepale chini, nikamuuliza ni nini hiki, akasema zinapumzika. Barua alikuwa anaanza, mstari mmoja, miwili, anaacha. Nilizitumia kuwashia moto, nilifikiri zimeharibika.

Ninakutumia kwa Nyandwi gunia lako la reli. Nimetia humo na kichwa, na ufunguo, na mabehewa yote, pamoja na lile linalochechemea, ili vikae mahali pamoja. Huku hakuna wa kuvitumia.

Haragwe sijakutumia. Nimesoma mahali hapo mara nyingi, umeandika ushushe haragwe, lishushe, na sijui Modeste alikuambia nini. Miaka hii yote mabehewa yamezunguka matupu. Nilifikiri unajua.

Ilikuwa vita ile ya kwanza, siku tulizofungiwa ndani. Unga ulikuwa umekwisha, na Capitoline hakuwa na maziwa, Iradukunda analia mpaka sauti imekauka. Modeste alishusha mabehewa kutoka juu ya kabati, akayainamisha juu ya sufuria moja moja. Alisema: "Terminus. Abiria wote washuke." Hakuna aliyecheka. Maharagwe yalikuwa yanajaa kiganja kimoja. Nilitia chumvi, nikayapika tangu asubuhi mpaka jioni. Yalikuwa ya zamani sana, hayakuiva.

Wifi yako,
Pudentienne